Zana zangu za kuundia programu ya mizani ya korosho: tathmini baada ya misimu mitatu

Kwa misimu mitatu ya korosho nimekuwa nikiunda na kuitunza programu inayotumiwa na makarani wa vyama vya msingi mkoani Mtwara kupokea mzigo wa wakulima, kuupima, kuupanga kwa madaraja na kumkatia kila mkulima stakabadhi yake. Kazi yenyewe haina miujiza. Ugumu wake uko mahali inapofanyikia: ghala la bati lililo mbali na mnara wa simu, umeme wa kuja na kuondoka, na simu za bei nafuu ambazo mchana hupigwa jua na jioni hugombania soketi moja. Kwa sababu hiyo, zana ninazozitathmini hapa sizipimi kwa umaarufu wake wala kwa wingi wa mambo ambayo zinaweza kuyafanya. Nazipima kwa swali moja tu: mtandao ukipotea au umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, zana hii inaniacha wapi?

Naanza na SQLite, kwa kuwa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo. Hii ni hifadhidata isiyo na seva. Hakuna mtambo wa pembeni unaopaswa kuwashwa wala nywila ya msimamizi ya kukumbuka. Ni maktaba ndogo, yaani msimbo ulio tayari wa kutumiwa na programu nyingine, chini ya megabaiti moja, inayoingia ndani ya programu yenyewe na kuandika kila kitu katika faili moja la kawaida. Chimbuko lake linaeleza tabia yake. Mwaka 2000, D. Richard Hipp alikuwa akishughulikia programu ya manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, na programu hiyo ilitegemea seva ya hifadhidata. Seva ikizimika, programu nayo ilibaki kutoa ujumbe wa kosa ilhali yenyewe haikuwa na kasoro, na lawama zikamwangukia mwandishi wake. Hipp akaamua kuandika hifadhidata ambayo haimtegemei mtu mwingine awe macho ndipo ifanye kazi, kisha akaiachia umma bila kudai leseni yoyote. Hali ya ghala la korosho saa kumi na mbili jioni haiko mbali sana na hiyo, ila sisi hatuna mizinga.

Tuchukue tukio moja. Mkulima ameleta magunia kumi na mawili, karani amepima la mwisho, amebonyeza "Hifadhi", na sekunde hiyo hiyo simu inazimika kwa kuishiwa chaji. Katika SQLite, mizani yote kumi na miwili, yaani vipimo vya uzito wa kila gunia, imefungwa katika muamala mmoja, hivyo ama inaingia yote ama hauingii hata mmoja. Kwa utaratibu wake wa asili, kabla ya kugusa ukurasa wowote wa faili, SQLite hunakili kwanza ukurasa huo kama ulivyokuwa katika faili la pembeni. Simu ikiwashwa tena na faili hilo likakutwa bado lipo, programu inajua kwamba kuna kazi iliyokatizwa na inarudisha kurasa za zamani mahali pake. Karani anaona orodha ya mkulima haina gunia hata moja, anapima upya, basi. Asilolikuta ni orodha yenye magunia saba kati ya kumi na mawili, na hilo ndilo lingeleta ugomvi, kwa sababu fedha za mkulima zinakuja baadaye, baada ya mnada, na zinakokotolewa kwa kilo zilizoandikwa siku ile.

Wanaoitunza SQLite hawasemi maneno matupu kuhusu jambo hili. Kwa hesabu yao wenyewe ya toleo la 3.42, msimbo (maandishi ya programu) wa majaribio ni karibu mara 590 ya msimbo wa maktaba yenyewe, na miongoni mwa majaribio hayo yamo yanayoigiza umeme kukatika katikati ya uandishi. Hata hivyo mimi ni mtu wa kushika ndipo niamini. Nilichukua simu kuukuu ambayo betri yake hutoka kwa ukucha, nikaandika programu fupi inayoingiza mizani mfululizo, nikawa naichomoa betri huku uandishi ukiendelea. Nilifanya hivyo jioni nzima, mara arobaini kwa hesabu yangu, na kila mara faili lilifunguka likiwa zima.

Nilichogundua katika majaribio hayo, na ambacho mtumiaji mpya anapaswa kukijua, ni kwamba uzima wa faili na kudumu kwa muamala wa mwisho ni mambo mawili. Nilikuwa nimewasha mtindo wa WAL, unaoandika mabadiliko mapya katika daftari la pembeni ili wasomaji wasimsubiri mwandishi, na kipimo cha synchronous, kinachoamua SQLite isubiri kiasi gani data ifike diski kweli, kilikuwa NORMAL. Katika mpangilio huo faili haliharibiki, lakini muamala uliokwisha kuthibitishwa unaweza kutoweka umeme ukikatika kabla haujafika diski. Kwa programu ya kusomea habari hilo si neno. Kwa programu ya mizani, ambapo karani amekwisha kumwambia mkulima "tayari, mzee", halivumiliki. Nilikirudisha kipimo hicho kuwa FULL, ili kila muamala usubiri mpaka ufike diski. Uandishi ukapungua kasi kidogo, na hakuna karani aliyewahi kuligundua hilo.

WAL hiyo hiyo ndiyo iliyonitia aibu katika msimu wa kwanza, na kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa mtandao ni wa kubahatisha, niliweka kitufe cha kutoa nakala ya data ili karani aipeleke ofisini kwa flashi. Kitufe hicho kilinakili faili kuu peke yake. Siku moja katika chama kimoja nakala ilifika ofisini ikiwa na upungufu wa stakabadhi 31 ukilinganisha na vishina vya kitabu, na kwa nusu saa karani alitazamwa kama mwizi. Stakabadhi hizo zilikuwapo kwenye simu muda wote. Zilikuwa katika lile daftari la pembeni, ambalo lilikuwa bado halijamiminwa katika faili kuu. Dawa yake ni amri ya VACUUM INTO, iliyoingia katika toleo la 3.27 mwaka 2019, ambayo hutoa nakala moja kamili iliyokusanya kila kilichothibitishwa. Tangu niitumie sijapata upungufu tena, na karani yule, ambaye nilimwomba radhi mbele ya mwenyekiti wake, bado ananitania akiniona na flashi.

Kasoro za SQLite zipo, na mbili kati yake zinaudhi hasa kwa sababu ziko kimya. Ya kwanza ni kwamba ulinzi wa uhusiano kati ya majedwali huwa umezimwa mpaka mwandishi auwashe mwenyewe kila anapofungua faili. Asipofanya hivyo anaweza kumfuta mkulima na kuacha mizani yake ikielea bila mwenyewe. Ya pili ni ulegevu wake kuhusu aina za data. Safu niliyoitangaza kuwa ya namba ilikubali maandishi bila kunung'unika, kwa hiyo karani alipoandika "79,4" kwa mkato badala ya nukta, thamani iliingia kama maneno na jumla ya siku ile haikulingana na daftari. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 kuna majedwali makali yanayotangazwa kwa neno STRICT, ambayo yangeikataa "79,4" papo hapo. Tatizo ni kwamba simu nyingi za makarani hazina toleo hilo: Android 13 na zilizoitangulia zinabeba SQLite ya zamani zaidi, na programu inayotegemea ile iliyomo kwenye simu itagoma kufungua jedwali kali. Nililazimika kufungasha toleo langu mwenyewe ndani ya programu, na ningemshauri yeyote afanye hivyo tangu siku ya kwanza, ili simu zote ziwe na hifadhidata ya aina moja. Uzito nao siuandiki tena kwa kilo zenye nukta. Nauandika kwa gramu, namba kamili, na nukta inaonekana kwenye skrini tu.

SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na watunzaji wake wenyewe wanaonya dhidi ya kuliweka faili lake katika folda inayoshirikiwa kwenye mtandao. Kwa hiyo makao makuu, ambako data za maghala yote hukutana, natumia PostgreSQL, hifadhidata yenye seva, uzao wa mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Sina mengi ya kusema juu yake kwa sababu haijanipa sababu ya kusema. Juu yake nimeweka Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa lugha ya Python, uliozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Sifa yake kubwa kwangu ni ukurasa wa msimamizi ambao huja ukiwa tayari. Siku ya pili ya mradi, mhasibu alikuwa tayari anatafuta wakulima na kusahihisha majina bila mimi kuchora skrini hata moja. Kiswahili kimo katika lugha zinazokuja na Django, ingawa baadhi ya maneno niliyabadilisha ili yafanane na yale yanayosemwa ofisini.

Mahali ambapo SQLite ya simu na PostgreSQL ya seva hukutana ndipo palinifundisha zaidi. Simu inatuma stakabadhi, seva inaipokea na kuihifadhi, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Simu, kwa haki kabisa, inadhani mzigo haukufika, na saa mbili baadaye inautuma tena. Kama seva ndiyo inayotoa namba za stakabadhi, mkulima huyo sasa ana stakabadhi mbili za korosho zile zile, na atalipwa mara mbili fedha ambazo chama hakina. Namba inapaswa kuzaliwa ghalani: simu yenyewe hutunga kitambulisho kirefu kisichojirudia wakati karani anapobonyeza "Hifadhi", na PostgreSQL huambiwa kwa maneno ON CONFLICT DO NOTHING kwamba kitambulisho kilichokwisha kuingia kipuuzwe. Maneno hayo yaliingia katika toleo la 9.5, mwanzoni mwa 2016, na SQLite nayo ikayapata mwaka 2018. Sasa karani anaweza kutuma mzigo ule ule mara kumi kwa hasira na hesabu isibadilike.

Kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake natumia Git, na hapa sidhani kama kuna mshindani wa kweli. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kazi kama hiyo, na uamuzi alioufanya wakati ule ndio unaonifaa mimi leo: kila nakala ya hazina, yaani folda ya mradi, ina historia yote. Nikiwa ghalani bila mtandao naweza kuhifadhi hatua ya kazi, kulinganisha matoleo, kufungua tawi la kujaribia jambo jipya na kutafuta ni lini mstari fulani ulibadilishwa, na yote hayo ni kazi ya diski yangu. Watu wengi hawaijui amri ya git bundle, inayofungasha historia, au sehemu yake, katika faili moja. Mwenzangu yuko Dar es Salaam. Mara mbili, bando lilipoisha na wakala wa vocha amefunga, nilimtumia kazi ya wiki nzima ndani ya flashi niliyomkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, naye akaivuta katika hazina yake kama vile imetoka kwenye seva.

Lugha ya Git, kwa upande mwingine, ni ya kumkatisha mtu tamaa. Amri zake hazifuati desturi moja, na ujumbe wake wa makosa umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua kilichoharibika. Tena haina kinga kamili dhidi ya umeme: kompyuta ikizimika hatua ikiwa ndiyo kwanza inaandikwa, mtu anaweza kukuta faili tupu ndani ya folda ya .git na hazina ikakataa kufunguka. Ilinitokea mara moja. Nilifuta faili tupu, nikavuta kilichopungua kutoka nakala ya mwenzangu, nikapoteza hatua moja ya dakika chache.

Kwa kuandikia, nina programu mbili. Ofisini natumia Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015, ambayo inaelewa lugha za Dart na Python vizuri na inayahifadhi hata mafaili ambayo sijayahifadhi mwenyewe. Kwenye kompyuta yangu ya safari, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, inakuwa mzigo, hasa ikifunguliwa pamoja na kivinjari. Huko natumia Vim. Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991 na kuitunza mpaka alipofariki Agosti 2023, na mtu akiifungua bila faili hukutana na ujumbe unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alikuwa amejitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuuza programu yake aliwaomba watumiaji wakichangie kituo hicho. Nilikuwa nimeitumia kwa mwaka mzima kabla ya kuusoma ujumbe huo kwa makini, na nakiri kwamba niliona haya kidogo.

Vim nayo inajibu swali langu vizuri. Kando ya kila faili linalohaririwa huweka faili la akiba, na kwa mpangilio wake wa kawaida huliandika upya kila baada ya herufi 200 au mtu anapotulia kwa sekunde 4. Umeme ukikatika, mtu anafungua faili lake kwa vim -r na kukuta karibu kila alichokiandika. Betri ya kompyuta yangu ya safari ilikufa zamani, hivyo nimeitumia amri hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kujifunza Vim kunachosha, na simlazimishi mtu. Anayeanza leo na ana kompyuta yenye nguvu abaki na Visual Studio Code.

Programu yenyewe ya simu nimeiandika kwa Flutter, zana ya kuundia programu za simu, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa na Google mnamo Desemba 2018, pamoja na lugha yake ya Dart. Kilichonivuta ni uwezo wake wa kuonyesha mabadiliko papo hapo. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu, kompyuta magotini na simu ya majaribio imeunganishwa kwa waya, karani akaniambia kwamba kitufe cha "Hifadhi" kimekaribiana mno na cha "Futa". Nilikisogeza, na kabla hajamaliza kulalamika alikiona kimehama, huku orodha ya magunia aliyokuwa ameiingiza ikiwa bado ipo pale pale. Ushauri wa namna hiyo haupatikani ofisini, na bila zana inayokubali kubadilishwa mbele ya macho ya mtumiaji ningerudi mjini nikiwa nimeuandika kwenye daftari tu.

Gharama ya Flutter ni uzito. Mara ya kwanza ya kuunda programu ya Android katika kompyuta mpya, Gradle, zana inayounganisha vipande vya programu ya Android, na jamaa zake hushusha mamia ya megabaiti, na bila mtandao mtu hapati chochote. Fungasho la kawaida hubeba msimbo wa aina kadhaa za vichakataji kwa pamoja. Langu lilifika megabaiti 52, jambo linaloumiza pale ambapo karani anaipokea programu kwa Bluetooth kutoka simu ya mwenzake. Nilipoligawa kwa chaguo la --split-per-abi, kila simu ikapata fungasho lake la megabaiti 19. Ningeandika kwa lugha ya Kotlin ningepata fungasho dogo zaidi, lakini nisingeweza kulitunza peke yangu kwa kasi hii.

Flutter inajua Kiswahili kwa kiasi cha kuridhisha: kalenda yake inasema Januari na Jumatatu bila kufundishwa. Saa ndiyo isiyoijua. Karani akiandika "saa 3 asubuhi" anamaanisha saa ambayo kompyuta inaiita 9:00, na hakuna hata zana moja kati ya hizi inayolielewa jambo hilo linalosemwa na mamilioni ya watu kila siku. Niliandika kazi ndogo inayoongeza au kupunguza saa sita na kumwonyesha karani neno "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku" kando ya namba. Katika hifadhidata muda unakaa kwa saa ya dunia, saa tatu nyuma ya yetu. Mistari hiyo ishirini ndiyo iliyosifiwa na makarani kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwaandikia.

Kilichobaki bila zana ya kuridhisha ni uchapishaji. Mkulima anataka karatasi mkononi, na karatasi hutoka kwenye printa ndogo za stakabadhi, zile za karatasi ya milimita 58 zisizotumia wino, zinazounganishwa kwa Bluetooth. Nimejaribu maktaba tatu za Dart za kazi hiyo. Moja iliacha kutunzwa, ya pili ilikata muunganisho kila printa ilipolala, na ya tatu ilichapisha vizuri kwa wiki mbili kisha ikaanza kurudia mstari wa mwisho. Kwa sasa natuma amri za printa mwenyewe, baiti kwa baiti, na programu haimhesabii karani kwamba amechapisha mpaka abonyeze "Imetoka". Msimu ujao nitaijaribu printa ya waya katika ghala moja, ili nione kama lawama ni ya maktaba au ya Bluetooth yenyewe.